Uingereza: kwa nini kikundi kinarudia restora ileile ya kari, na siye tunajifunza nini?

Kama uko na ndugu ao rafiki mwenye anaishi Uingereza, labda ulisha kumusikia anasema: "Siku ya tano mangaribi tunaenda kula kari na watu wa kazi." Anaisema sawa vile siye tunasema tunaenda ku likelemba. Si jambo la mara moja, ni jambo la kurudia: kikundi kileile, restora ileile, na mara mingi hata meza ileile.

Katika makala hii tunaeleza desturi ile ilitoka wapi, namna jikoni ya restora za kari inafanya kazi, na juu ya nini wenye restora hizo leo wako na wasiwasi. Ni habari ya mbali, lakini ndani yake kuna mambo yenye kugusa watu wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, kuanzia muhogo mupaka namna ya kuishi na jirani.

Kari ni kitu gani?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kari si chakula kimoja. Kule India, Pakistan na Bangladesh, kila chakula kiko na jina lake, kufuatana na nyama, majani, viungo na namna ya kukipika. Ni Waingereza, wakati walienda kule kufanya biashara na kisha kutawala, njo walichukua neno moja na kuliweka juu ya kila chakula chenye muchuzi na viungo. Tangu mwaka wa 1747, mwandishi Mwingereza Hannah Glasse aliweka namna ya kupika kari katika kitabu chake cha mapishi. Kisha wafanyabiashara walianza kuuza unga wenye viungo vilisha kuchanganywa, ule wa rangi ya manjano wenye tunaona mupaka leo katika maduka ya miji yetu.

Siye pia tunakula vitu vya njia ileile ya bahari bila kuviita vya kigeni. Sambusa, chapati na pilau vilivuka Bahari ya Hindi, vikapita pwani, na vikapanda mupaka huku kwetu pamoja na wafanyabiashara. Na pilipili yenyewe? Watu wengi wanafikiri ilizaliwa India ao Afrika. Hapana. Ilitoka Amerika, kisha mwaka wa 1492, na Wareno njo waliisambaza Afrika na Asia, sawa vile walileta muhogo na mahindi. Kwa hiyo mupishi wa India na mama mwenye anatwanga sombe Bukavu, wote wawili wanapika na zawadi ya mbali.

Mara ya kwanza na mara ya pili

Kikundi chenye kuenda kula kari kinaweza kuwa cha aina yoyote: wafanyakazi wa kiwanda kimoja, timu ya mupira kisha mechi, wanafunzi, majirani, ao watu wenye walisoma pamoja miaka 20 iliyopita. Wanafika, wanaunganisha meza mbili ao tatu. Kwanza wanaletewa vipande vyembamba vya unga wa dengu, vyenye kukaangwa mupaka vinavunjika mukononi. Pamoja navyo kunakuja vitunguu vya kukatwa, maziwa ya kuganda, achari ya ndimu na muchuzi wa maembe wenye sukari. Wakati wanavunja-vunja na kuzungumza, kila mutu anasema chakula chake. Kisha sahani zinafika, zinawekwa katikati, na kila mutu anaonja ya mwenzake kwa mukate ao kwa wali.

Mara ya kwanza, watu wanakuja kuonja. Mara ya pili njo mutihani wa kweli. Ladha ni ileile? Bei haikupanda bila kuambiwa? Yule mwenye kutuhudumia anakumbuka kwamba mumoja wetu hakulake nyama, na mwengine hawezi pilipili? Kama majibu ni ndiyo, kikundi kinarudi mara ya tatu, na kuanzia pale restora inakuwa "yetu". Mwenye restora naye anafanya hesabu yake. Mutu mumoja mwenye kupita njia anamuletea pesa ya sahani moja. Kikundi cha watu kumi chenye kurudi kila mwezi kinamuruhusu kujua mbele ya wakati anunue kuku ngapi, vitunguu gunia ngapi, na alipe wafanyakazi wangapi.

Sufuria moja, sahani kumi

Sasa kuna swali lenye wapishi wetu watauliza: inawezekanaje watu kumi waombe vyakula kumi tofauti, na vyote vifike mezani karibu wakati mumoja, bado moto?

Siri iko katika sufuria moja kubwa. Mbele ya kufungua mulango, mupishi anamenya vitunguu mingi sana. Anavichemsha polepole na tangawizi, kitunguu saumu, mafuta, manjano, nyanya kidogo na mara ingine karoti. Vinaiva mupaka vinalainika kabisa, kisha anavisaga vinakuwa sawa uji mwepesi. Huo njo muchuzi wa musingi. Peke yake hauna ladha kali, hauna pilipili mingi, haumuchukize mutu. Kuku na nyama ya mbuzi navyo vinapikwa nusu mbele ya wakati na kuwekwa pembeni.

Mangaribi, wakati kikundi kinaomba, mupishi anachukua karai ndogo kwa kila sahani. Anaweka mafuta, kitunguu saumu, viungo, halafu anamimina upawa mbili ao tatu za ule muchuzi wa musingi juu ya moto mukali. Kisha hapo njia zinaachana. Akiongeza nazi, krema na sukari kidogo, ni korma, ya wale hawapendi pilipili. Akiongeza pilipili na kitu cha ukali, ni madras, yenye jina la muji wa India wenye leo unaitwa Chennai. Akizidisha pilipili tena, ni vindaloo. Akiweka dengu, ni dhansak. Akiweka viazi na majani sawa lengalenga, mwenye hakulake nyama naye amepata chake. Kila sahani inachukua dakika chache tu.

Jina vindaloo lenyewe liko na historia. Wareno walikuwa na nyama yao ya divai na kitunguu saumu, wakaipeleka Goa, koloni lao kule India. Watu wa Goa waliitia siki na pilipili, na jina likabadilika katika midomo. Leo Mwingereza anaiomba kwa mupishi wa Bangladesh. Chakula kimoja, na mataifa ine yalipita ndani yake.

Ule muchuzi wa musingi njo unaeleza pia kwa nini kikundi kinapata ladha ileile kila mara kinarudi. Hata kama mupishi wa leo si yule wa mwezi uliopita, musingi ni uleule. Lakini watu wa nyumba ya mwenye restora hawakulake vile. Wao, kisha kazi, mara mingi wanakula samaki na wali namna ya kwao, chakula chenye hakiandikwe ku karatasi ya wateja. Kari ya restora ni chakula chenye kilitengenezwa kwa ajili ya mugeni.

Watu wa mashini walikuwa wapishi

Restora ya kwanza ya Kihindi yenye kufunguliwa na Muhindi London ilianza mwaka wa 1810. Mwenyewe aliitwa Dean Mahomed, mutoto wa Patna, mwenye alitumika katika jeshi la Kampuni ya India. Alipika vizuri, lakini wateja hawakutosha, na mwaka wa 1812 alifilisika. Ladha njema peke yake haikumuokoa. Kulikosa watu wa kurudi.

Wenye walifaulu walikuja nyuma sana, na hawakuwa wapishi wa kazi. Walikuwa mabaharia wa eneo la Sylhet, leo katika Bangladesh. Katika meli za Waingereza walipewa kazi ngumu kupita zote: kutia makala katika moto wa mashini, chini kabisa, kwenye joto la kuua. Wamoja waliacha meli London na kutafuta kazi katika jikoni za watu: kuosha vyombo, kumenya viazi, kuangalia. Kisha vita ya pili ya dunia, wamoja walinunua vibanda vilivyoharibiwa ao maduka ya samaki na frite. Hawakufukuza wateja wa zamani. Waliendelea kuwauzia samaki na frite, na pembeni wakaweka kari.

Tena waliona jambo moja lenye wengine hawakuona. Wakati ule, fasi za kunywea pombe Uingereza zilikuwa zinafungwa saa tano ya usiku ao mbele yake. Watu wanatoka na njaa, na kila mulango umefungwa. Wao wakaacha mulango wao wazi. Hapo njo kikundi cha usiku kilizaliwa. Kisha vita ya mwaka wa 1971, yenye ilifanya Bangladesh ikuwe inchi huru, jamaa zao waliendelea kufika, na restora ziliongezeka katika karibu kila muji. Mupaka leo Waingereza wanasema "restora ya Kihindi", hata kama wenye nazo wengi ni watu wa Bangladesh. Katika muji wa Birmingham, ni watu wa Pakistan njo walianzisha, katika miaka ya 1970, balti, kari yenye kuletwa mezani ndani ya karai ileile ilipikiwa, na yenye kuliwa kwa mukate.

Tarehe 19 mwezi wa 4, 2001, Robin Cook, mwenye alikuwa waziri wa mambo ya inje, alisema katika hotuba kwamba kuku tikka masala ni chakula cha taifa cha Uingereza. Alieleza: tikka ni kuku wa Kihindi wa kuchomwa, na muchuzi uliongezwa juu Waingereza wanapenda nyama yenye muchuzi.

Muhogo wenye ulipita Uganda

Kuna tawi lingine la historia hii, na hilo liko karibu na mupaka wetu. Tarehe 4 mwezi wa 8, 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda watoke, na waliachiwa siku 90. Watu wenye walizaliwa Kampala, Jinja na Mbale waliacha maduka, nyumba na viwanda. Karibu 28,000 walipokewa Uingereza. Wengi walielekea muji wa Leicester, hata kama wakubwa wa muji ule walilipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasikuje.

Walikuja, na walikuja na midomo yenye ilizoea chakula cha Afrika. Njo maana, katika restora fulani za Kihindi kule Uingereza, unaweza kuomba "mogo": ni muhogo wetu, wenye kukatwa, kukaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Unaweza pia kukuta "kuku paka", kuku wa muchuzi wa nazi, na mishikaki. Mwingereza anasoma majina hayo akifikiri ni ya Kihindi. Mutu wa Uvira ao wa Kindu akiyasoma, atacheka na kuyaelewa bila mutafsiri.

Kula kwa mutu si kumuheshimu

Usifikiri kwamba meza ya kari ililetea watu wale amani mara moja. Ni hapa historia inakuwa chungu.

Katika miaka ya 1970, wenye kuhudumia katika restora zile walijua wateja wa aina mbili. Kulikuwa wenye kurudi kwa heshima, wenye kuuliza habari za watoto. Na kulikuwa wenye kuingia wamelewa, wakicheka namna mutu anasema kiingereza, wakimutukana wakati anabeba sahani zao, na mwishoni wakikimbia bila kulipa. Kesho yake mulango ulifunguliwa tena, juu watoto walipashwa kula.

Tarehe 4 mwezi wa 5, 1978, kijana mumoja wa Bangladesh, Altab Ali, mwenye alikuwa anashona nguo za ngozi, aliuawa kwa kisu London ya mashariki wakati alikuwa anarudi nyumbani kutoka kazi. Hakukuwa na ugomvi kati yake na wenye walimuua. Walimuua juu ya vile alikuwa. Siku kumi nyuma, maelfu ya watu walitembea nyuma ya sanduku lake mupaka karibu na nyumba ya waziri mukuu. Leo bustani moja ya kule inaitwa kwa jina lake. Iko kwa miguu tu kutoka barabara ya Brick Lane, yenye inajulikana juu ya restora zake za kari.

Kwa hiyo mutu anaweza kupenda muchuzi wa jirani na kumuchukia jirani mwenyewe. Siye hatuhitaji kuenda London kujua hivyo. Tunakula chizi ya Masisi, sambaza ya ziwa Kivu, ndakala ya Tanganyika na muchele wa bonde la Ruzizi, na sokoni hatuulizake kabila ya mwenye alivuna ao alivua. Lakini tukitoka sokoni, maneno ya chuki yanaweza kupita palepale penye kikapu kilipita. Chakula kinafungua mulango tu. Kuingia na kukaa kunaomba kitu kingine: kurudi, kujua jina la mutu, kumulipa yenye ni yake, na kumutetea siku wengine wanamutukana mbele yako.

Milango yenye inafungwa

Leo restora nyingi za kari Uingereza ziko katika shida, na si juu watu wameacha kuzipenda. Wapishi wa kwanza wamezeeka. Watoto wao walisoma na wamekuwa waganga, wanasheria, wahandisi. Hawataki kusimama mbele ya moto mupaka saa sita ya usiku, na wazazi wengi walifanya kazi ile kusudi watoto wasiifanye. Kuleta mupishi kutoka Bangladesh ni kugumu: mwaka wa 2024 serikali ilipandisha mushahara wa chini wenye mufanyakazi wa kigeni anapashwa kulipwa kusudi apewe ruhusa, kutoka pauni 26,200 mupaka pauni 38,700 kwa mwaka. Restora ndogo haiwezi. Ongeza kodi ya asilimia 20 juu ya kila sahani, miezi ya kufungwa wakati wa Covid mwaka wa 2020, na bei ya gazi na umeme yenye ilipanda sana mwaka wa 2022.

Hapo njo kikundi chenye kurudi kinaonekana samani yake. Kikundi cha watu kumi hakiwezi kubadilisha sheria ya serikali, lakini kinaweza kufanya tofauti kati ya siku ya tano yenye kulipa mishahara na ile yenye kuacha deni.

Na kwetu je?

Miji yetu iko na restora ndogo nyingi, nyingi zikiongozwa na wamama wenye kulisha nyumba nzima na sufuria tatu. Vikundi viko pia: likelemba, AVEC, timu za mupira, kwaya, walimu wa masomo moja. Kama kikundi chenu kinapenda kurudia fasi moja, mambo haya yanaweza kusaidia pande zote mbili.

Mumwambie mwenye restora mbele ya siku muko watu wangapi na mutakula nini. Kwake makala na nyama ni pesa yenye inatoka mbele, na sahani yenye haikuliwa ni hasara yake.

Muelewane kati yenu juu ya malipo mbele ya kukaa. Kama munagawanya sawasawa, mufikirie mwenye alikula kidogo ao hakunywa kitu. Urafiki mingi uliharibika juu ya fakture, si juu ya chakula.

Kama kitu hakikuwa kizuri, mumwambie mwenyewe palepale, kwa adabu, angali na uwezo wa kurekebisha. Kunyamaza mezani na kumusema vibaya katika kartie nzima ni kumufungia mulango bila kumupa nafasi.

Musikule kwa deni lenye halina siku ya kulipa. Mwenye kuwakopesha leo, kesho asubuhi anapashwa kununua unga.

Na upande wa wapishi: mutafute muchuzi wenu wa musingi. Si lazima uwe wa vitunguu. Ni ile kazi ya mapema yenye inafanya sahani ya leo ifanane na ya juma lililopita, na yenye inaruhusu mwenye kukula pilipili na mwenye hawezi pilipili kukaa meza moja. Mukiandika kipimo cha chumvi, mafuta na muda wa moto, hata siku mutoto ao dada ameshika sufuria, kikundi kikirudi kitakuta ladha yenye kilikuja kutafuta.